Kigari cha Siku Saba

Kigari kililetwa Jumamosi asubuhi kikiwa kimekunjwa ndani ya boksi, na kwa udogo wa boksi lile bibi Kang Mallye alidhani dukani wamesahau kutia magurudumu. Mwanawe, Dongha, akakitoa, akabonyeza kitufe kwenye mpini, nacho kikajifungua chenyewe kwa mlio mmoja, kikasimama katikati ya sebule kama ndama aliyezaliwa sasa hivi.

Dongha alieleza kwamba hicho ndicho walichokuwa wakikitafuta. Kikikunjwa kinaingia chini ya meza, kikikunjuliwa mtoto analala chali miguu imenyooka, na uzito wake ni kilo sita na nusu tu. Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya tatu na jengo halikuwa na lifti, kwa hiyo kila kilo ilikuwa na maana. Saebom, mwenye miezi tisa, alikuwa mgongoni kwa bibi yake ndani ya mbeleko, anatafuna kamba yake, hana habari kwamba haya yote yanasemwa kwa ajili yake.

Hakikuwa chao bado. Duka lilichukua pesa ya dhamana, likawapa siku saba za kukijaribu, na Jumamosi iliyofuata wangekirudisha au wangekinunua. Mallye alipotajiwa bei, won laki tisa za Kikorea, aliuliza kama kinakwenda chenyewe.

Mke wa Dongha, Hyerim, hakucheka. Alikuwa anabandika karatasi kwenye mlango wa friji. Kazi yake ilikuwa kuchonga meno ya bandia katika karakana moja mjini Bucheon, miaka minane sasa, na kazi ile humfundisha mtu kutoliamini jicho lake. Karatasi aliipiga mistari kwa rula. Upande mmoja aliandika mambo ya kupimwa: uzito, kukunja kwa mkono mmoja, kupanda basi, mlima, kivuli, mtoto kulala, kikapu cha chini, ngazi. Juu aliandika majina ya wapimaji watatu, yeye, mumewe na mama mkwe. Alama zilikuwa za kawaida: duara ni ndiyo, eksi ni hapana, pembetatu ni ndiyo yenye masharti.

Mallye alisoma mpaka darasa la nne, na husoma kwa midomo. Alisubiri mkwewe aende kukoroga maziwa, akaisogelea friji akasoma taratibu kutoka juu hadi chini. Chini kabisa, baada ya ngazi, palikuwa na mstari mmoja zaidi. Uliandikwa neno moja tu: Mama.

Akarudi kukaa. Wala hakuuliza.

Hakuwa na haja ya kuuliza. Jumatatu ya wiki iliyofuata likizo ya uzazi ya Hyerim ilikuwa inaisha. Mkubwa wake kazini alishapiga simu mara mbili kuuliza kama anarudi, na mara ya pili aliuliza kwa upole uliomtia Hyerim hofu kuliko ukali. Kituo cha watoto kilikubali kumpokea Saebom, lakini kilifunga saa tisa na nusu alasiri, na Hyerim hutoka kazini saa kumi na mbili. Pengo hilo ndilo lililomtoa Mallye kijijini kwake Goheung, huko kusini kwenye mashamba ya vitunguu saumu, akakaa kwenye basi kwa saa tano na kopo la kimchi, kabichi ya kuchachusha, mapajani. Pengo lisipozibwa, Hyerim angeacha kazi. Barua yenyewe alishaiandika. Mallye aliikuta kwenye droo siku ya pili, chini ya soksi za mtoto, akaisoma yote, akairudisha ilivyokuwa na soksi juu yake.

Sasa kulikuwa na jambo ambalo yeye naye alikuwa amelificha chini ya nguo. Magoti yake yalikuwa yamekwisha. Daktari wa Goheung alishamwambia kwamba ni ya kubadilishwa, si ya kutibiwa. Kila alfajiri aliingia bafuni, akabandika plasta za dawa, tatu goti hili, tatu lile, akavaa suruali ya ndani ndefu juu yake. Karatasi za plasta alizikunja akazitia mfukoni ili akazitupe kwenye pipa la barabarani. Harufu yake kali alisema ni dawa ya bega.

Mbeleko ndiyo aliyoizoea, lakini kwa mbeleko aliweza kuzunguka sebuleni tu, mkono mmoja ukipapasa ukuta. Njia ya kwenda kituo cha watoto ilikuwa mlima. Hyerim alikuwa ameuona ule mkono ukutani. Aliuona siku ya kwanza, akausubiri siku ya pili. Ndipo akaongeza ule mstari wa mwisho, na alipouandika aliona haya, lakini hakuufuta.

*

Jumatatu walikwenda wote wawili na mtoto. Hyerim alisukuma kupanda, akasimama kila baada ya hatua chache kuandika kwenye simu. Magurudumu ya mbele yanageuka vizuri. Kwenye mashimo kinatikisika kidogo. Kivuli kinafika magotini kwa mtoto. Aliweka breki kwenye mteremko, akaachia mikono, akahesabu mpaka ishirini, huku viganja vyake viwili akiviweka sentimita moja tu kutoka kwenye mpini. Mallye alifuata nyuma akishika uzio wa shule. Alipopewa naye asukume, ilikuwa mahali tambarare mbele ya duka la dawa, akasukuma vizuri kabisa.

Jumanne Hyerim alikwenda kumsalimia mkubwa wake, Mallye akabaki peke yake na mtoto. Akashuka naye.

Hapo ndipo alipokijua kigari. Mkono ulipochoka na goti likamdunga, aliegemea mpini kama alivyozoea kuegemea cha kwao, na magurudumu ya mbele yakainuka. Si sana, yaliinuka kiasi cha kiganja. Saebom akaangalia mbingu akacheka. Mallye akakishusha, akatazama huku na huku kama mtu aliyeiba.

Kijijini kwake kila mwanamke wa rika lake anatembea na kigari cha mtoto. Watoto wenyewe walishakua wakaenda mijini, vigari vikabaki, na bibi zao wakaviona vinafaa kuliko fimbo, kwa sababu fimbo haibebi kabichi. Mbele ya ukumbi wa wazee huwa vimepangwa kumi na mbili, wala hakuna mtoto hata mmoja. Na ndani ya kila kimoja kuna tofali. Bila tofali kigari hakiegemeki, mtu ataanguka nacho chali. Hilo kwao halifundishwi, ni kama kujua kwamba wali unahitaji maji.

Basi Mallye alifanya ambalo mwanamke yeyote wa kwao angefanya. Alirudi ghorofani, akafungua mtungi wa kabichi barazani, akatoa jiwe la kukandamizia. Lilikuwa jiwe la mtoni, la mviringo, alilomletea Hyerim mwaka wa harusi. Akaliosha chumvi, akalifunga kwa kitambaa, akashuka nalo, akalitia kwenye kikapu cha chini cha kigari, juu yake akapanga nepi. Akaegemea. Kigari kikatulia kama ng'ombe mzima. Kwenye kikapu palishonwa lebo yenye herufi ndogo nyeupe kuhusu uzito unaoruhusiwa, lakini herufi zile ni za macho ya vijana.

Kupandisha ngazi kulikuwa na utaratibu wake. Jiwe alilificha chini ya ngazi, nyuma ya vyungu vya maua. Mtoto alimfunga mgongoni. Kigari alikikunja, na kweli kilikunjika kwa mkono mmoja, kisha akakiburuta ngazi moja moja, akipumzika kila mara kigari kikipumzika. Ngazi arobaini na nne. Alipofika juu jasho lilikuwa linamdondoka puani. Akafuta uso, akawasha jiko, na mkwewe aliporudi alimkuta anaimba huku akikata vitunguu.

*

Jumatano jioni waliijaza karatasi. Dongha aliweka eksi kwenye basi, kwa sababu dereva alimwambia akikunje na hakukuwa na mahali pa kumweka mtoto wakati anakunja. Abiria mmoja, mwanamke mwenye mifuko, alimpokea Saebom mapajani na kumuuliza Dongha mama wa mtoto yuko wapi, hajui kwamba baridi inaingia kichwani? Hyerim aliweka pembetatu tatu na maduara matano. Mallye, duara, duara, duara, mpaka chini.

"Hata ngazi?" Hyerim aliuliza.

"Hata ngazi. Mzigo wenyewe uko wapi?"

Dongha akamsifu mama yake, akasema wanawake wa Goheung wamezaliwa na magunia ya vitunguu kichwani. Hyerim alikuwa akiyatazama yale maduara manane yaliyofuatana kama ushanga. Kazini kwao, meno yakikaa sawa yote mara ya kwanza, wanajua kuna mtu amepima vibaya.

Mstari wa mwisho hakuna aliyeugusa. Dongha alipoufikia aliweka kikombe chini, akamwangalia mkewe, akanyanyuka kwenda kumbadilisha mtoto nepi ambayo haikuwa imelowa.

*

Alhamisi ilikuwa siku ya mazoezi. Saebom alipelekwa kituoni asubuhi, akakaa, na alasiri Mallye alipaswa kumchukua peke yake. Hyerim alisema anakwenda karakana kupanga meza yake. Alikwenda, akafungua droo mbili, akaigusa mashine yake ya kusugulia, akarudi. Saa tisa na dakika arobaini alikuwa amesimama chini ya mlima, ndani ya duka la tofu, ile jibini ya soya, nyuma ya masinia, kama mpelelezi. Muuza tofu alimuuliza anataka nini. Akanunua tofu asiyoihitaji, akaishika mfukoni mwa plastiki ikiwa ya moto.

Chini ya mlima ule ndipo barabara kubwa inapopita, na mabasi hayapunguzi mwendo.

Kwanza aliona mgongo. Alimwona mama mkwe wake anashuka kinyumenyume. Uso wake umeuelekea mlima, makalio yameelekea barabara, kigari kiko upande wa juu wa mlima kinamfuata, na anarudi hatua ndogondogo huku akimsimulia mtoto kitu. Mtu wa pikipiki alipunguza akamtazama. Wanafunzi wawili wakacheka, mmoja wao akatoa simu.

Hyerim aliwaza kwamba mzee huyu akili zimeanza kumwacha na hakuna aliyemwambia. Akatoka dukani, tofu mkononi, akaita mara moja tu, kwa sauti ambayo hakujua anayo.

"Mama!"

Mallye akageuka. Ilikuwa ni kugeuza shingo tu, lakini uzito wa mwili ulihamia goti la kushoto, na goti la kushoto halikuwa na jibu. Akakaa chini pale pale barabarani kwa kishindo. Kigari kikamjia. Hakuachia mpini, kikaja mpaka kifuani kwake kikagota hapo kikasimama, magurudumu mawili mapajani mwake. Kwa ule mshtuko mshono wa kikapu ukapasuka, nepi zikamwagika, na jiwe likatoka na kitambaa chake, likavua kitambaa, likaanza kushuka.

Lilishuka bila haraka, mviringo wake mzuri, likimpita Hyerim aliyekuwa anakimbia kupanda. Watu wote walilitazama. Likagonga ukingo wa duka la tofu likatulia kati ya masinia.

Muuza tofu akaliinua kwa mikono miwili, akapima uzito wake.

"Bibi," akasema, "mtoto wako wa pili yuko huku."

Saebom, aliyekuwa amefungwa mkanda vizuri, alikuwa amelala.

*

Nyumbani Hyerim alimwosha viganja vilivyochunika. Kisha, bila kuomba ruhusa, akampandisha suruali. Alizikuta zile plasta sita, na chini yake magoti yaliyovimba kama viazi.

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi. Wakati wa kuvuna vitunguu."

"Kwa nini hukutwambia?"

Mallye akashusha suruali. "Ningesema, ungeniita?"

Hyerim angeweza kusema neno la adabu, na neno hilo lilikuwa karibu.

"Nisingekuita," akasema.

"Basi."

Mallye akaenda chumbani kwa kushika ukuta, sasa hafichi, akatandaza kitambaa chake cha kufungia mizigo sakafuni na kuanza kukunja nguo zake. Hazikuwa nyingi. Aliziweka, akazitoa, akazikunja upya. Hakulia, alikuwa anahesabu kichwani basi la kesho ni la saa ngapi, na atawaambia nini wale kumi na mmoja wa ukumbi wa wazee aliowaaga kwa majivuno. Aliwaza pia ile barua ya kwenye soksi, kwamba sasa itatumwa, na ni jiwe lake lililoisukuma.

Sebuleni Hyerim alibaki na kigari. Kikapu kilining'inia. Aliona lebo: kilo tatu. Alilipeleka jiwe kwenye mizani ya mtoto, ikasoma kilo sita na gramu mia moja, karibu sawa na kigari chenyewe. Hasira ilimpanda, na hofu ikaja nyuma yake, kwa sababu alikuwa akiliona basi lisilokuwepo pale chini ya mlima.

Alimfuata chumbani, akasimama mlangoni.

"Nilikuona unashuka kinyumenyume nikadhani umechanganyikiwa."

"Mlima haushukwi vile mnavyoshuka nyie," Mallye alijibu bila kuinua kichwa. "Mnakiacha kigari kinatangulia. Kikikuponyoka je? Mimi nilikuwa chini yake. Kingekuja, kingenikuta mimi kwanza. Na kimenikuta."

Hyerim alivitazama vile viganja vilivyochunika.

"Mmekipima kwa kila kitu," Mallye aliendelea, sauti yake ya chini tu. "Mtoto kakaa, mtoto kalala, jua, basi. Hakuna hata mmoja wenu aliyekiegemea."

Hyerim akarudi sebuleni. Akafunga breki. Akamlaza Saebom ndani. Kisha akaweka viwiko viwili juu ya mpini, akauachia mwili wake wote, kama mtu aliyechoka sana, na hakuwa na haja ya kuigiza. Magurudumu ya mbele yakaondoka sakafuni. Akajishusha. Akarudia. Yakaondoka tena. Mara ya tatu alibaki hapo kidogo, ameegemea, mtoto anamtazama kutoka chini.

Dongha aliporudi kutoka kazini alilikuta furushi la mama yake sebuleni na mke wake anachukua kalamu. Akasema kwa upole kwamba basi, pengine watafute mwanamke wa kulipwa, au mama apumzike kwanza kwao, au. Hakumaliza. Hyerim alimwambia alibebe hilo furushi alirudishe chumbani, kisha ale, tofu inapoa. Kwenye karatasi, chini ya ngazi, alikuwa ameubana mstari mpya katikati ya mistari: kuegemewa. Na kwenye safu zote tatu ameweka eksi.

*

Jumamosi walikirudisha wote wanne. Msichana wa dukani alivaa glovu nyeupe, akakikunjua, akakizungusha, akapitisha kidole kwenye kila gurudumu. Alipofika kwenye kikapu akasimama.

"Kulikuwa na nini humu?"

Mallye alifungua mdomo. Viganja vyake vilikuwa na bandeji, akavipeleka nyuma.

"Jiwe," Hyerim alisema. "Nililiweka mimi."

Msichana alimwangalia mwanamke huyu nadhifu mwenye rula kwenye mkoba, akaangalia nyuma yake bandeji zinazojificha, akasema kwamba pesa ya dhamana haitarudi yote, kikapu kitakatwa humo. Hyerim akasema sawa. Kisha akaomba waoneshwe kigari ambacho mtu mzima akikiegemea hakiinuki.

"Dada, vigari ni vya watoto."

"Na anayekisukuma si mtu?"

Walioneshwa vinne. Mallye hakutaka, alisema yeye ataegemea dukani mbele za watu kama mlevi? Hyerim akamshika kiwiko. Ikabidi. Cha kwanza kikainuka. Cha pili kikainuka, na mama mmoja mwenye mimba akahamia upande wa pili wa duka. Cha tatu kilikuwa na magurudumu makubwa ya nyuma, yamekaa mbali, na breki ya mkono kwenye mpini. Kilikuwa na kilo kumi na nusu na kilishakaa mwaka mzima kwenye maonyesho, rangi ya kivuli chake imefifia. Mallye akakiegemea kwa ncha za vidole. Akakiegemea kwa viganja. Kisha akafumba macho, akakiegemea kwa uzito wake wote, wa vitunguu vyote na ngazi zote. Kigari hakikusogea.

Alikaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Hicho hakikuweza kupanda ghorofani, na hakuna aliyejidanganya. Dongha alinunua mnyororo ili kilale chini ya ngazi, nyuma ya vyungu.

Walipofika nyumbani Hyerim alikwenda moja kwa moja kwenye friji. Mallye alikuwa amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha, suruali imepanda, plasta zote nje. Alimwona mkwewe anashusha kalamu mpaka mstari wa mwisho, ule wa neno moja. Mkono ukasita. Kisha ukachora, vistari vitatu, na pembeni ukaandika maneno madogo kwa muda.

Mallye akanyanyuka kwa kushika meza. Ilikuwa pembetatu. Alisoma yale maneno kwa midomo, taratibu, hakuruka hata moja. Asubuhi atapeleka Dongha. Alasiri njia ni ile ya nyuma ya shule, isiyo na mlima, hata kama ni ndefu. Ngazi kwa mbeleko, mikono yote miwili kwenye bomba la ngazi. Jumatano hospitali ya magoti, pamoja.

"Sikuweza kuweka duara, Mama," Hyerim alisema. "Ningekudanganya."

"Maduara niliyaweka mimi manane. Yamenifikisha wapi?"

Akaomba kalamu. Chini kabisa, kwa herufi kubwa za mtoto wa darasa la nne, akaandika: Mama Saebom. Akachora pembetatu, kubwa, imepinda upande mmoja. Hyerim akaitazama, akauliza yake ina masharti gani.

"Moja tu," Mallye alisema. "Ile droo ni ya soksi. Ile barua itoe."